Tarehe ya Nini? Namna ya Kusoma Siku za Kuzaliwa, Kufariki na Kuvuma katika Historia ya Muziki

Novemba ni mwezi wa mabishano kwa wapenzi wa zilizopendwa jijini Nairobi. Fadhili William alizaliwa Novemba. Tabu Ley Rochereau alizaliwa Novemba na akafariki Novemba. Miriam Makeba na Daudi Kabaka, wote wawili, walituaga Novemba. Basi mtangazaji wa redio akianza tu kusoma "leo katika historia ya muziki", abiria ndani ya matatu wanamsahihisha kabla gari halijafika Railways, na ikifika saa sita mchana makundi ya WhatsApp yana tarehe tatu za tukio moja, kila moja imepambwa kwa picha ya mshumaa. Huyu anasema Makeba alifariki tarehe 9, yule anasema 10. Huyu ana Tabu Ley aliyezaliwa 1937, yule ana wa 1940. Halafu anaingia kijana aliyekutana na "Kasongo" ya Super Mazembe kwenye TikTok, ulipofufuka katika mizaha ya kisiasa mwishoni mwa 2024, naye anaapa kwamba huo ni wimbo wa juzi juzi, kwa kuwa tarehe ameiona kwa macho yake kwenye YouTube.

Nimefuatilia mabishano haya kwa muda mrefu, na ninachokiona ni kwamba wabishi wengi hawasemi uongo. Kila mmoja ameshika tarehe ya kweli ya jambo fulani. Ambalo hajauliza ni hili: tarehe ya nini? Makala haya yanajaribu kulifungua fundo hilo, kwa sababu nyuma yake kuna haki za watu, na mwishoni tutafika kwenye pesa za warithi.

Tuanze na maana. Mwanamuziki ana siku mbili kubwa, ya kuzaliwa na ya kufariki. Wimbo una siku nyingi zaidi. Kuna siku ulipotungwa, pengine kitandani au kwenye kona ya baa, bila shahidi. Kuna siku uliporekodiwa, yaani sauti iliponaswa studioni. Kuna siku ulipotolewa, yaani santuri, kanda au faili ilipoanza kuwafikia watu. Kuna siku ulipopanda chati, yaani orodha ya nyimbo zinazovuma, na kuna siku ulipotunukiwa dhahabu au platinamu kwa mauzo. Mahindi nayo yana siku ya kupandwa, siku ya kuvunwa na siku gunia linaposhushwa Marikiti. Ukimwuliza mkulima mahindi haya ni ya lini, atataka kwanza kujua unauliza kuhusu siku ipi. Nyimbo ni hivyo hivyo, na baina ya siku moja na nyingine yaweza kupita miaka.

Alizaliwa lini?

Watu hudhani kwamba mtu akiwa maarufu, angalau siku yake ya kuzaliwa haina utata. Mfano mkubwa wa kulipinga wazo hilo ni Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa New Orleans. Maisha yake yote alisema alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, na dunia ikamwamini. Ilikuwa tarehe ya kupendeza, sikukuu ya uhuru wa Marekani na mwanzo wa karne kwa pamoja. Alifariki mwaka 1971 akiwa na tarehe hiyo. Mwaka 1988 mtafiti Tad Jones akapekua daftari la ubatizo la kanisa Katoliki huko New Orleans na kukuta imeandikwa 4 Agosti 1901. Hakuna ushahidi kwamba Armstrong alikusudia kudanganya mtu. Alizaliwa katika umaskini, katika mtaa ambao siku ya mtoto kuja duniani haikuwa jambo la kuandikwa na kila familia, na aliitaja tarehe aliyoijua.

Ukimwelewa Armstrong, utawaelewa wazee wetu. Bi Kidude wa Zanzibar alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, vyombo vya habari duniani kote vilitoa umri wake kwa namba zinazotofautiana, nyingi zikivuka 100. Hakuna aliyekuwa na cheti. Kwa Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, tunasema alizaliwa karibu na 1880, na neno "karibu" hapo linafanya kazi muhimu. Mwandishi anayeliondoa ili sentensi yake ionekane safi anatuharibia historia. Vizazi vile vilihesabu miaka kwa matukio: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa fulani, mvua zilizofuata vita. Baadaye akaja karani na fomu yenye visanduku vya siku, mwezi na mwaka, na visanduku lazima vijazwe. Ndiyo maana wazee kadhaa unaowafahamu wana vitambulisho vinavyosema 1 Januari, au mwaka mtupu usio na siku.

Tabu Ley yuko katikati ya hali hizi mbili. Siku, tarehe 13 Novemba, haibishaniwi sana. Mwaka ndio unaoyumba, wapo wanaoandika 1937 na wapo wanaoandika 1940. Anayetaka kumwandikia kumbukumbu kwa haki ataweka miaka yote miwili. Kuchagua mmoja kimya kimya kwa kuwa ndio uliojitokeza kwanza kwenye simu ni kufunga faili kabla ya kesi kusikilizwa.

Alifariki lini?

Kifo nacho kinaonekana jambo la dakika moja. Kumbe kina dakika kadhaa, na kila moja inaweza kuingia gazetini.

Chukua Makeba. Jumapili tarehe 9 Novemba 2008, akiwa na umri wa miaka 76, aliimba jukwaani Castel Volturno, karibu na Naples nchini Italia, katika tamasha la kumuunga mkono mwandishi Roberto Saviano aliyekuwa akitishwa na genge la Camorra. Akaugua palepale baada ya kuimba, akakimbizwa hospitali, na madaktari hawakufaulu kumrudisha. Yote haya yalitokea usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 10. Anayehesabu kutoka jukwaani ataandika 9, anayehesabu kutoka kwenye habari za asubuhi ataandika 10. Mswahili wa pwani, ambaye kwake siku mpya huanza jua likizama, hata hashangai. Wanaogombana kila mwaka wanaugombania usiku mmoja.

Au chukua John Lennon. Alipigwa risasi New York tarehe 8 Desemba 1980, kiasi cha saa 4:50 usiku. Wakati ule saa za Nairobi zilikuwa mbele kwa saa nane, hivyo hapa ilikuwa saa 12:50 asubuhi ya tarehe 9, watu wakielekea kazini. Mkenya aliyekuwa hai siku hiyo akikwambia Lennon aliuawa tarehe 9, hajapotoka. Anakumbuka asubuhi yake mwenyewe. Desturi ya wanahistoria ni kutumia saa za mahali tukio lilipotokea, na ndiyo maana vitabu vinasema 8.

Kuna pia tofauti kati ya shambulio na kifo. Tupac Shakur, ambaye picha yake imepamba matatu nyingi za jiji hili kwa miaka, alipigwa risasi Las Vegas tarehe 7 Septemba 1996 na akafariki tarehe 13. Siku sita hizo zimezaa mkanganyiko wa kila Septemba. Na kuna tofauti kati ya kufa na kuonekana: Kurt Cobain alikutwa amefariki nyumbani kwake Seattle tarehe 8 Aprili 1994, lakini uchunguzi ulikadiria kwamba alikuwa amekufa tangu tarehe 5. Tarehe 5 ni makadirio ya kitaalamu, tarehe 8 ni siku dunia ilipojua. Kwetu ipo tofauti nyingine tena, ya kifo na tangazo. Familia ya Kiafrika haitangazi msiba mtandaoni kabla kaka aliye mbali na mama mzazi hawajaambiwa. Tarehe iliyo kwenye ukurasa wa kwanza uliochapisha "buriani" yaweza kuwa siku moja au mbili baada ya kifo chenyewe.

Hilo pengo kati ya kifo na tangazo ndilo uvumi hupenyea, kutoka pande zote mbili. Mwaka 1969 uvumi ulienea Marekani kwamba Paul McCartney wa Beatles alishakufa na nafasi yake kuchukuliwa na mtu anayefanana naye. Mwenyewe ilibidi azungumze na jarida la Life akiwa shambani Scotland kuthibitisha kuwa yu hai. Elvis Presley, aliyefariki Memphis tarehe 16 Agosti 1977, ana watu ambao bado wanadai kumwona. Tupac naye "anaishi Cuba" kwa mujibu wa mabaraza yetu mengi. Sioni cha kuchekesha hapa. Mzee mwanamuziki wa Nairobi akizushiwa kifo, simu za watoto wake hulia usiku kucha, na wapo wanaoanza kuchangisha pesa kwa jina lake. Kabla hujasambaza, tafuta neno la familia au la bendi yake. Kurasa kumi zilizonakili ukurasa mmoja bado ni shahidi mmoja.

Je, umri wa miaka 27 una laana?

Huu ndio uzushi ninaoulizwa kuliko mwingine wowote, na unastahili nafasi. Hadithi inasema wanamuziki wakubwa hufa wakiwa na miaka 27. Msingi wake ni wa kweli: Brian Jones wa Rolling Stones alifariki tarehe 3 Julai 1969, Jimi Hendrix tarehe 18 Septemba 1970, Janis Joplin tarehe 4 Oktoba 1970, na Jim Morrison tarehe 3 Julai 1971, siku ileile ya Jones miaka miwili baadaye. Wote walikuwa na miaka 27. Watatu wa mwisho walikwenda ndani ya miezi isiyofika kumi. Mtu yeyote angeshtuka. Cobain alipofariki 1994 na umri huohuo, hadithi ikapata nguvu, na Amy Winehouse mwaka 2011 akaifanya ionekane kama sheria.

Desemba ya mwaka huohuo wa 2011, jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliolipima jambo hili. Watafiti waliwachukua wanamuziki 1,046 waliowahi kushika namba moja kwa albamu nchini Uingereza kati ya 1956 na 2007, wakatazama nani alikufa na akiwa na umri gani. Waliokuwa wamefariki ni 71. Je, kulikuwa na rundo la vifo kwenye umri wa miaka 27? Hapana. Walichokikuta ni kizito zaidi kuliko laana: wanamuziki mashuhuri walio katika miaka ya ishirini na thelathini walikuwa na uwezekano wa kufa ulio mara mbili hadi tatu ya ule wa raia wengine wa Uingereza wa rika lao. Hatari imetapakaa kwa miaka yote hiyo ya ujana.

Hesabu ya laana hufanya kazi kwa kusahau. Anayekufa na miaka 27 anaingizwa kwenye orodha, anayekufa na miaka 26 anaachwa. Otis Redding alikuwa na 26. Tupac alikuwa na 25. Bob Marley, aliyefariki Miami tarehe 11 Mei 1981, alikuwa na 36. Na kwetu, Mbaraka Mwinshehe alikuwa na 34 tu alipofariki Mombasa mwaka 1979 baada ya ajali ya gari. E-Sir wa South C, kijana aliyeupa Kiswahili cha Nairobi mwendo mpya kwenye muziki wa kufoka (rap), alikuwa na miaka 21 alipofariki tarehe 16 Machi 2003, katika ajali, akirejea kutoka kwenye onyesho Nakuru. D.O. Misiani wa Shirati Jazz alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60 alipofia barabarani Kisumu tarehe 17 Mei 2006. Ukiyapanga majina yetu matatu, namba 27 haipo popote. Kilichopo ni barabara. Mwanamuziki wa Afrika Mashariki husafiri usiku, baada ya onyesho, amechoka, katika gari ambalo aghalabu si lake. Kama tunataka hadithi ya tahadhari ya kuwasimulia vijana wanaopiga muziki, ni hiyo.

Wimbo ni wa mwaka gani?

Sasa twende kwa yule kijana wa "Kasongo". Tarehe iliyo chini ya video ya YouTube ni siku mtu fulani alipoipandisha video hiyo. Haisemi kitu kingine. Super Mazembe waliingia Nairobi mwaka 1974 wakitokea Zaire kupitia Zambia, wakapiga rumba ya Kikongo iliyokolea Nairobi, na nyimbo zao zilizowatambulisha ni matunda ya miaka ile. Kampuni ya Virgin ya Uingereza ikatoa santuri yao kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kisha zikaja CD za mikusanyo, kisha programu za kusikilizia muziki, kila moja na mwaka wake. Programu hizo mara nyingi huonyesha mwaka wa toleo lililo mbele yako, kwa hiyo wimbo wa 1975 ukiwekwa kwenye mkusanyo wa 2005, simu itakwambia 2005 bila haya.

Wenzetu wa ng'ambo hupata mkanganyiko huohuo, ila wao wana makaratasi ya kuuondoa. "Rock Around the Clock" ya Bill Haley ni mfano ninaoupenda kwa sababu siku zake zimeachana waziwazi. Ilirekodiwa New York tarehe 12 Aprili 1954. Ikatolewa Mei mwaka huo, ikauza kidogo, ikapoa. Mwaka uliofuata ikatumiwa mwanzoni mwa filamu moja ya vijana watukutu wa shule, na tarehe 9 Julai 1955 ikawa namba moja Marekani. Watatu wanaweza kuadhimisha wimbo huo katika siku tatu tofauti na wote wakawa sahihi, mradi kila mmoja aseme anaadhimisha nini. Otis Redding alirekodi "Dock of the Bay" siku chache kabla ya ajali ya ndege kumuua tarehe 10 Desemba 1967. Ikatolewa Januari 1968 na Machi ikawa namba moja, wimbo wa kwanza wa marehemu kufika kileleni mwa Hot 100, chati kuu ya Marekani. Bila kutenganisha tarehe, mtu ataona kama maiti aliingia studioni.

Kwetu ugumu ni mwingine: tarehe haikuandikwa tangu mwanzo. Shika santuri ndogo ya Nairobi ya miaka ya 1960 au 1970, zile za mizunguko 45 zinazouzwa bado Kenyatta Market na kwenye maduka machache ya mjini. Kibandiko cha katikati kina jina la kampuni, jina la wimbo, jina la bendi, jina la mtunzi kwenye mabano, na namba. Mara nyingi wimbo umekatwa vipande viwili, nusu upande huu, nusu upande wa pili, kwa kuwa gitaa la mwisho lisingeenea upande mmoja. Mwaka haupo. Igeuze kwenye mwanga uangalie ule ukingo mweusi usio na sauti, kati ya mwisho wa wimbo na kibandiko: utaona namba zimekwaruzwa humo. Hizo ziliwekwa wakati wa kutengeneza santuri, na kampuni zilizipanga kwa mfuatano. Ukiipata santuri ya kampuni hiyohiyo yenye namba ya karibu na ambayo mwaka wake unajulikana kwa njia nyingine, unaweza kukadiria. Ni kazi ya subira, na wanaoifanya Nairobi ni wakusanyaji wachache kwa upendo wao wenyewe, bila mshahara wa mtu.

Kibandiko hichohicho ndicho kilichowasha moto wa "Malaika". Inakubalika kwa upana kwamba Fadhili William ndiye aliyeurekodi kwanza, karibu na mwaka 1960. Lakini kurekodi si kutunga. Adam Salim, Mtanzania aliyeishi Nairobi, alidai kwamba aliutunga miaka ya 1940, na ubishi huo haujaisha. Makeba akaupeleka duniani, akiuimba pia na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965, na Boney M wakaupiga mwaka 1981. Kila hatua ina tarehe yake nzuri. Tarehe ya utunzi, ambayo ndiyo yenye haki kubwa zaidi, ndiyo isiyo na karatasi.

Namba moja, dhahabu, na mitazamo bilioni

Hapa nitapita haraka, maana uzushi ni mmoja: watu hudhani namba hizi zina maana moja daima. Hazina. Chati ya Hot 100 ya Marekani ilianza tarehe 4 Agosti 1958. Kabla yake kulikuwa na orodha tofauti za madukani, za redio na za mashine za muziki kwenye baa, hivyo wimbo ungeweza kuwa namba moja huku na namba nne kule. Tuzo ya dhahabu ya Marekani ilianza 1958 pia, platinamu 1976, almasi 1999. Leo huko dhahabu ni nakala 500,000, platinamu milioni moja, almasi milioni kumi. Uingereza wimbo mmoja hupata platinamu kwa 600,000. Na kampuni ya muziki ndiyo inayoomba tuzo hiyo na kugharimia ukaguzi. Asiyeomba hapewi, hata kama ameuza. Siku hizi kusikilizwa mtandaoni mara 150 kunahesabiwa Marekani kama kununuliwa mara moja. Kwa hiyo platinamu ya 1980 na platinamu ya leo zimepimwa kwa mizani tofauti.

Mitazamo, yaani mara ambazo video imetazamwa mtandaoni, nayo haihesabu watu. "Gangnam Style" ya Psy wa Korea Kusini ilipokuwa video ya kwanza ya YouTube kuvuka bilioni moja, tarehe 21 Desemba 2012, haikumaanisha kwamba binadamu bilioni moja waliitazama. Mtoto mmoja mwenye simu ya mama yake anaweza kuitazama mara thelathini kwa siku.

Kenya tumepoteza mengi kwa kutokuwa na chati moja ya taifa iliyoendelea miongo yote hiyo. Kipimo chetu kilikuwa salamu na maombi ya wasikilizaji redioni, na santuri kuisha dukani River Road. Ndiyo maana vijana wengi hawajui kwamba mwaka 1968 bendi ya Kiingereza, The Tremeloes, iliuchukua "Helule Helule" wa Daudi Kabaka na kuufikisha nafasi ya 14 kwenye chati ya Uingereza. Mtunzi wa Nairobi katika ishirini bora za London, miaka mitano tu baada ya uhuru! Tungekuwa na utaratibu wa kuandika, siku hiyo ingekuwa kwenye kalenda za shule.

Ninaomba pia uangalifu na neno "wa kwanza". Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na anatajwa kama mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Ukilikata dai hilo na kusema "msanii wa kwanza Afrika", umelivunja. Wamarekani wenyewe hawajakubaliana ni rekodi ipi ya kwanza ya rock 'n' roll. Wengine hutaja "Rocket 88" iliyorekodiwa Memphis Machi 1951, wengine wanataja nyingine.

Pesa ziko wapi katika tarehe hizi?

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, wimbo una haki mbili zinazotembea kwa saa tofauti. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na mahadhi yake. Hiyo hulindwa maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 baada ya kumalizika kwa mwaka aliofariki. Ya pili ni ya rekodi, ile sauti iliyonaswa studioni, na hulindwa miaka 50 baada ya kumalizika kwa mwaka iliporekodiwa. Saa ya kwanza inaanzia kaburini, ya pili inaanzia studioni.

Tuifanyie hesabu. Daudi Kabaka alifariki Novemba 2001, na Fadhili William alifariki Februari mwaka huohuo. Miezi tisa iko kati yao, lakini kwa sheria wako sawa: utunzi wao unalindwa hadi tarehe 31 Desemba 2051. Rekodi iliyofanywa Nairobi mwaka 1965, kwa upande mwingine, ulinzi wake uliisha tarehe 31 Desemba 2015. Hapa ndipo warithi wanapodanganyika, na pengine kudanganywa. Mtu akija na mkataba akawaambia "wimbo wa baba ni wa zamani, umeshakuwa wa umma", huenda anaizungumzia rekodi tu. Anayetaka kuupiga upya, kuuweka kwenye tangazo la biashara au kuukata kipande akitie ndani ya wimbo mpya bado anahitaji ruhusa ya wenye utunzi. Tarehe ya kifo kwenye cheti inawapa miaka mingine hamsini ya kudai.

Ugumu mwingine ni wimbo wa watunzi wawili. Miaka 50 huhesabiwa tangu afariki yule wa mwisho. Familia ya aliyetangulia inaweza kukaa ikidhani muda unayoyoma, kumbe saa haijaanza hata kulia.

Kwa sababu hiyo nakihesabu kile kijitabu cha mazishi, chenye picha ya marehemu mbele na wasifu ndani, kuwa miongoni mwa nyaraka bora za muziki tulizo nazo Nairobi. Huandikwa na watu waliomjua, mambo yakiwa bado mabichi: alizaliwa kijiji gani, alijiunga na bendi gani mwaka gani, alihama lini, nani walikuwa wenzake. Baada ya wiki mbili kimetumika kufunika sufuria. Mwenye kukipata akipige picha kurasa zote, atunze nakala, na familia ikikubali apeleke moja Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue. Pembeni ya kila wimbo uliotajwa aandike kwa kalamu nani aliutunga, na kama walikuwa wawili, wa pili ni nani na anapatikana wapi; huenda bado yu hai, na siku yake ndiyo itakayohesabiwa.